Wanataka nijiunge na utafiti wa dawa ya presha, mume wangu hataki

Mwanangu Njia Panda wa Muheza,

Barua yako imenifikia pamoja na picha za ile fomu ya ridhaa ulizozipiga kwa simu. Nimeona ulivyopigia mstari mwekundu neno "majaribio" kila lilipojitokeza. Nimeona pia pale ukurasa wa nne, kando ya sentensi inayohusu damu, ulivyoandika kwa herufi kubwa: INAENDA WAPI? Halafu unaniambia wewe si msomi, hujui mambo hayo. Wangapi wanatia saini karatasi za mkopo bila kufika mstari wa tatu? Aliyesoma fomu namna ulivyoisoma wewe yuko tayari kabisa kuamua jambo lake.

Unasema una miaka 52, ni fundi cherehani, presha unayo kwa miaka kadhaa na sasa sukari nayo imeanza kukunyemelea. Kliniki wamekuomba ujitolee kwenye utafiti wa kidonge kimoja kilichochanganywa dawa tatu za presha. Mumeo amekuja juu, hataki mke wake afanywe panya wa maabara. Mama mkwe ameongezea habari za mumiani. Nawe umebaki katikati na swali lako: "Shangazi, kwa nini sisi? Kwa nini wasijaribu huko huko kwao, ikishathibitika ndiyo watuletee?"

Nianzie hapo, maana swali hilo ndilo lililobeba mengine yote.

Umechukulia kwamba dawa ikishafaa kwa watu wa mbali, kwetu itafaa vilevile. Mara nyingi inafaa kweli. Lakini kuna mara haifai, na kuna mara inadhuru, na mtu hawezi kujua ni ipi mpaka apime. Ushahidi sitautafuta mbali. Upo hapo hapo kwenu, Hospitali Teule ya Muheza.

Kwa miaka mingi miongozo ya matibabu, iliyotokana zaidi na uzoefu wa hospitali za nchi tajiri zenye vyumba vya wagonjwa mahututi, ilielekeza hivi: mtoto akiletwa na homa kali, mikono na miguu imekuwa ya baridi, mapigo ya moyo yamedhoofika, mfungulie maji mengi ya dripu kwa haraka. Lilionekana jambo lisilo na mjadala. Mwaka 2009 hospitali sita zikaanza kulipima: Kilifi kwa upande wa Kenya, Teule ya Muheza kwa Tanzania, na nne za Uganda. Watoto walikuwa zaidi ya 3,100. Kwa kura, wengine walipewa maji ya haraka, wengine wakapewa maji ya kiasi, polepole, na wote wakaendelea kutibiwa ugonjwa uliowaleta.

Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikifuatilia matokeo ilishauri watafiti wasimamishe kabla ya muda. Katika kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka, kati ya 10 na 11 walikuwa wamefariki ndani ya saa 48. Kwa waliopewa maji ya polepole, walikuwa 7. Yale matibabu yaliyoaminiwa kuokoa yalikuwa yanaondoka na watoto watatu zaidi katika kila mia.

Sitakuficha kwamba watoto hao watatu walikuwa ndani ya utafiti, na kila mmoja alikuwa na mama yake kando ya kitanda. Utafiti una hatari, na anayekwambia hauna anakudanganya. Lakini fikiria upande wa pili. Kokote Afrika ambako mwongozo ule ulifuatwa, watoto walikuwa wakifunguliwa maji hayo hayo. Aliyekufa, ilisemwa homa imemzidi. Hakuna aliyekuwa na daftari la kulinganisha. Ingeendelea hivyo mwaka baada ya mwaka, na kila daktari angelala usingizi akiamini amefanya la kufaa.

Ndiyo maana nakwambia, mwanangu, si kweli kwamba mtu akikataa utafiti basi dawa haijaribiwi kwa watu wake. Dawa ambayo haikupimwa kwa watu kama wewe itakufikia tu. Utaandikiwa, utaimeza, na kitakachotokea mwilini mwako kitabaki siri yako na Mungu wako, kwa sababu hakuna aliyeajiriwa kukiandika. Kujaribiwa kunakuwepo kwa vyovyote. Tofauti ni kama kuna mtu anahesabu, na kama umeombwa ruhusa.

Habari njema nayo ilipita hospitali hiyo hiyo. Zamani malaria kali ilitibiwa kwa dripu ya kwinini, ile inayovuma masikioni. Mwaka 2005 utafiti wa Bangladesh, India, Indonesia na Myanmar ulionyesha kwamba sindano ya artesuneti inaokoa wengi kuliko kwinini. Mtu angeweza kusema basi, tuileteni. Lakini wagonjwa wa kule walikuwa watu wazima kwa sehemu kubwa, na huku malaria kali inawamaliza watoto wadogo. Ikabidi wapimwe watoto wetu, 5,425 katika nchi tisa za Afrika, wa Muheza na Korogwe wakiwemo. Matokeo yalitoka 2010: vifo vilishuka kutoka karibu 11 kwa kila mia hadi chini ya 9. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaagiza watoto wenye malaria kali watibiwe kwa artesuneti. Kama una mjukuu aliyewahi kuchomwa sindano hiyo akaamka, kuna mama mwenzako wa Muheza alikubali mtoto wake awe miongoni mwa waliopimwa.

Sasa tuje kwenye presha yako, maana ndiyo iliyokufanya uniandikie.

Miongozo ya presha duniani ilijengwa zaidi juu ya wagonjwa wa Ulaya na Marekani. Madaktari walikuwa wakiona kwamba baadhi ya dawa zinazosifiwa sana huko, zikitumika peke yake, kwa wagonjwa weusi mara nyingi hazishushi presha kama ilivyotarajiwa. Kwa kuwa wengi wanahitaji dawa mbili, swali likawa zipi mbili ziende pamoja. Jibu la uhakika kwa mtu wa Mombasa au Kampala lilichelewa mpaka 2019, watafiti walipotangaza matokeo ya wagonjwa 728 wa nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Walilinganisha namna tatu za kuunganisha dawa mbili mbili. Zile mbili zilizokuwa na amlodipini ndani yake zilishusha presha vizuri kuliko ile isiyokuwa nayo. Kaangalie kikopo chako cha dawa pale juu ya kabati. Sitashangaa ukikuta jina hilo. Imejulikana hivyo kwa sababu watu 728 wenye presha kama yako walikubali kuvaa kipimo mkononi mchana na usiku, kikiwabana hata wakiwa wamelala.

Umeuliza pia kwa nini muuguzi alisisitiza wanataka wanawake. Umeingiwa na shaka kwamba labda wanawake ndio wanaokubali kirahisi. Shaka hiyo naielewa, lakini sababu ni nyingine, na inauma. Mwaka 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani ilielekeza kwamba wanawake wanaoweza kushika mimba wasiingizwe kwenye hatua za mwanzo za kupima dawa. Nia ilikuwa kulinda watoto walio tumboni, baada ya ile thalidomaidi kuzalisha watoto wasio na mikono. Ulinzi huo ukageuka upofu. Ilibidi ifike 1993 ndipo sheria ya Marekani ilazimishe utafiti wa afya unaogharamiwa na serikali uwe na wanawake na watu wa jamii za wachache. Mwaka huo mwanamke anayetumia dawa ya usingizi iitwayo zolpidemu alikuwa akipewa dozi moja na mwanamume. Mwaka 2013 ndipo mamlaka ile ile iliposema dozi ya wanawake ipunguzwe nusu, kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa kuwa miili yao inaitoa dawa hiyo polepole na asubuhi wanaendesha gari dawa ikiwa bado damuni.

Wewe ni fundi, hili utanielewa upesi kuliko daktari. Ukipewa kazi ya sare za shule nzima, ukapima kijana mmoja tu, mrefu, mwembamba, halafu ukakata vitambaa vyote kwa kipimo chake, siku ya kugawa nguo utaitwa majina. Na wasichana ndio watakaokuwa wa kwanza kurudi na sketi zisizofunga.

Hata sisi kwa sisi hatufanani. Kuna dawa ya VVU iitwayo efavirenzi, imetumika sana Afrika. Wapo watu ambao kwa kurithi tu miili yao inaivunja taratibu mno. Dawa inarundikana, wanapata kizunguzungu, ndoto za kutisha, wengine kuchanganyikiwa. Hali hiyo ya kurithi iko kwa wingi zaidi kwetu kuliko Ulaya, lakini si kwa kila mmoja wetu, hata nyumba moja ndugu wanaweza kutofautiana. Kwa hiyo anayesema "imejaribiwa kwa Waafrika" naye aulizwe: wa wapi, wa umri gani, wake kwa waume, wenye maradhi gani mengine?

Hapo ndipo nakurudisha kwenye ile sentensi yako iliyonigusa. Umeandika: "Tena mimi sifai, nina mwili mkubwa, umri umekwenda, sukari inaanza, si wangetafuta watu wazima wa afya?" Mwanangu, wagonjwa wa presha wanaojaa kwenye benchi la kliniki kila mwezi ni akina nani, kama si wanawake wa umri wako, wenye mwili kama wako, na sukari inayonyemelea? Kidonge kikipimwa kwa vijana wenye presha tupu wasio na kingine, tutajua kinavyowafaa vijana hao. Wewe ndiye mtumiaji wake halisi. Inawezekana wakikupima waone figo zako haziko sawa wakuambie hapana. Usichukulie kwamba umekataliwa utu wako, wanakulinda. Lakini usijiondoe mwenyewe kabla hujapimwa.

Sasa mama mkwe. Usimcheke, na usimwambie hayo ni ya kizamani. Hofu ya mumiani pwani yetu hii ni ya muda mrefu, na tangu enzi za mkoloni watu wamesimuliana habari za wanyonya damu, hata wazimamoto wakashukiwa. Naamini hofu hiyo ilishibishwa na waliokuja na sindano wakachukua damu za watu na kuondoka bila neno. Na dunia imetoa sababu za kuogopa zilizo na ushahidi. Huko Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 hadi 1972, watumishi wa afya wa serikali ya Marekani waliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende, wakawaacha bila tiba, hata penisilini ilipokuwa imekwisha kujulikana kuwa inaponya. Kano, Nigeria, mwaka 1996, katikati ya mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa ya Trovan kwa watoto; familia zikadai hazikuelezwa kwamba ni majaribio. Mwaka 2009 kampuni hiyo ilikubaliana na jimbo la Kano kulipa dola milioni 75, bila kukiri kosa.

Mtu akijua hayo akasita, ana akili timamu. Ila tazama kilichokuwa kibaya pale Tuskegee: wale wanaume hawakuambiwa ukweli, hawakuombwa ridhaa, hawakuwa na mlango wa kutokea. Ile fomu mkononi mwako, yenye kurasa nyingi za kuchosha, imezaliwa na machungu hayo. Mstari unaosema unaweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida, si mapambo. Mumeo anaposema ukisaini umeshauzwa, mwonyeshe mstari huo. Ukijiunga Jumatatu ukachoka Alhamisi, unaondoka, na kliniki yako ya presha inaendelea kama kawaida.

Mumeo nimemwacha makusudi mpaka hapa, kwa sababu naona anakupenda na anaogopa. Mwanaume anayepiga kelele mkewe asichezewe afya si adui. Muulize kwa upole, siku akitulia: akishikwa na malaria anameza dawa mseto, aliwahi kuuliza nani alimeza kabla yake? Wapo waliomeza kabla yake, wengi tu, na wengine ni wa mkoa wetu. Lakini usiingie kwenye utafiti kwa kumficha. Vidonge vya siri chini ya godoro vitageuka ugomvi, na siku ukipata kizunguzungu usiku utahitaji mtu anayejua umemeza nini. Nenda naye kliniki, akae kwenye kiti, aulize maswali yake yote kwa sauti anayotaka. Uamuzi hata hivyo ni wako. Jina kwenye fomu ni lako, na damu ni yako. Umesema pia majirani wanasema umenunuliwa kwa ile nauli ambayo kliniki inawapa wanaojiunga. Nauli si bei yako. Ni kukurudishia ulichotumia kwa usafiri na siku ya kazi uliyoipoteza. Ikiwa wangekuahidi pesa nyingi za kukufanya ufumbe macho, hapo ningekuambia kimbia.

Nikukabidhi maswali ya kwenda nayo. La kwanza ni lako mwenyewe: damu inaenda wapi? Waambie wakueleze ni kiasi gani kila mara, inapimwa Tanzania au inasafirishwa, inahifadhiwa miaka mingapi, na kama watataka kuitumia kwa utafiti mwingine watakuomba tena au la. Waulize kundi la pili litameza nini, maana huingii ukijua utapangwa wapi. Usikubali kuachishwa dawa yako ya presha ukabaki bila kitu ilhali dawa ipo. Nani atalipa matibabu ukidhurika, na bima yao imeandikwa wapi? Utafiti ukiisha na kidonge kikaonekana kinafaa, utaendelea kukipata au watafunga mabegi? Na omba kuona kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kwa upande wa maadili, na cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwa upande wa dawa yenyewe. Mtafiti wa kweli hakunji uso akiulizwa kibali.

Ikiwa baada ya hayo yote moyo unakataa, kataa. Mshukuru muuguzi, endelea na dawa zako, na usimruhusu yeyote akufanye ujione umeiangusha Afrika. Ninachokuomba ni kwamba ukikataa, ukatae kwa sababu ya jibu ulilopewa ukaliona halitoshi. Usikatae kwa sababu ulidhani kuna mahali pengine duniani ambako mwili wako unaweza kupimwa bila wewe kuwepo.

Umesema kliniki yako inayofuata ni Jumanne. Nimesoma ukurasa wako wa nne kwa makini, na kwa kweli ile sentensi ya damu haijitoshelezi. Inataja "maabara mshirika" bila kusema ya nchi gani. Waombe wakuandikie kwa kalamu pembeni, waweke saini na tarehe. Wakikwepa, usisaini siku hiyo. Chukua fomu, rudi nayo nyumbani, na upige ile namba ya kamati ya maadili iliyoko chini ya ukurasa wa mwisho. Hiyo namba imewekwa kwa ajili yako, na wanaopokea hawafanyi kazi kwa mtafiti. Kisha niandikie walivyokujibu.

Wako,
Shangazi